Pita Huku, Huko Kuna Viti

Dada yangu ana ugonjwa wa kuona vitu vilivyopinda. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajakaa atainyoosha picha ukutani, na kama msumari wenyewe ulipigiliwa vibaya, atakunywa chai yake akiwa ameipa picha mgongo. Wenzake wa kazi wanamwita Nukta. Jina hilo alilipata siku alipogombana na mteja kwa sababu ya kitufe kilichosogea kulia kwa nukta moja ya skrini. Mteja alikuwa haoni, mimi nilikuwa sioni, alikuwa anaona yeye na Mungu wake. Tovuti ile haikutoka mpaka kitufe kiliporudi mahali pake, na mteja akaondoka akitikisa kichwa.

Kazi yake ni kusanifu tovuti. Mimi nina duka la fotokopi, kuchapa na kujalidi vitabu, naye anafanyia kazi nyuma yangu, katika kichumba kilichotengwa na duka kwa ukuta wa mbao nyembamba. Nikikohoa, ananiambia pole bila kuinua kichwa. Wateja wangu wanaondoka na kitu mkononi. Wa kwake wanaondoka wakisema watatafakari.

Wiki ninayoisimulia hapa, kampuni moja ya bima ilimpa ajira. Angekaa katika ofisi ya matangazo, kwenye kiti kinachozunguka, atengeneze mabango, kadi za mwaliko na kalenda. Alitakiwa aripoti Jumatatu asubuhi, au aseme hapana wampe mwingine. Mimi ndiye niliyemshikia bango akubali. Nilimwambia bima hawafungi duka, nikamwambia macho yake yanachoka, nikamwambia kila nilichoweza, mpaka maneno ya kumtoa nyoka pangoni yakaniishia.

Kumbe sikuhitaji kusema sana. Alikuwa amekwisha kufa moyo mwenyewe.

"Kazi yangu haikai," aliniambia, ameegemea mashine yangu ya fotokopi ambayo siku zote nimemkataza asiiegemee. "Najenga tovuti leo. Kesho kutwa meneja anabadilishwa, meneja mpya ana mpwa wake anayejua kompyuta, mpwa anabomoa kila kitu. Nikifa leo, huna hata kitu kimoja cha kuwaonyesha watoto wako ukasema hiki alikitengeneza shangazi yenu. Wewe hata vitabu ulivyojalidi vibaya bado vipo."

"Vitabu gani nilivyojalidi vibaya?"

"Wacha hayo. Nasema tu."

Ningeweza kumjibu, maana mdomo ninao. Lakini alikuwa anasema kweli, na uso wake haukuwa uso wa mtu wa kutaniwa. Nikaendelea kupanga karatasi.

Hapa inabidi nimtaje Baba, kwa sababu bila yeye habari hii haisimami. Baba alikuwa karani mpiga taipu. Maisha yake yote aliyamaliza akipiga barua za wakubwa, na alikuwa na tabia ya kumrekebishia mkubwa barua bila kumwambia. Alipostaafu, presha ya macho ikamla kidogo kidogo, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka akabaki anaujua mwanga tu, kwamba kumekucha au hakujakucha. Mtu aliyekuwa akisoma hata karatasi ya kufungia sabuni, akawa anakaa kitini ameshika tama.

Nukta ndiye aliyemtoa pale. Alimwekea kwenye kompyuta ile programu inayosoma skrini kwa sauti, akamfundisha kutembea kwa vidole vyake vya taipu, ambavyo havikuwa vimesahau kitu. Baba akawa anakuja kukaa katika kichumba cha nyuma kila siku. Vipokea sauti vya masikioni alivikataa, alisema hataki kuzibwa. Kwa hiyo sauti ile ya mashine, sauti ya kiume, ya polepole kama mtu anayesoma wosia, ikawa inapenya ukuta wa mbao na kusambaa dukani kwangu kutwa nzima. Wateja walizoea. Wengine walikuwa wanasubiri fotokopi huku wakisikiliza taarifa ya habari ya Baba.

Sasa, tovuti ikisomwa kwa sauti ina karaha moja ambayo sisi wenye macho hatuijui. Sisi jicho linaruka lenyewe mpaka kwenye habari. Asiyeona anasomewa kila kilichoko juu kwanza: Mwanzo, kiungo. Kuhusu Sisi, kiungo. Huduma Zetu, kiungo. Matawi Yetu, kiungo. Na akifungua ukurasa mwingine, anaanzishiwa tena palepale. Baba alikuwa anafoka: "Nimekuja kusoma habari, mimi nahesabiwa milango!"

Wasanifu wana dawa yake. Juu kabisa ya ukurasa huwa wanaficha kiungo kisichoonekana. Kwenye skrini hakipo, ila mashine inakisoma, na anayesikiliza akikibonyeza anavushwa menyu yote na kutua kwenye habari yenyewe. Kwa kawaida huwa kimeandikwa "Ruka hadi maudhui makuu." Nukta alimwekea Baba hicho. Baba akakisikia, akakasirika zaidi.

"Ruka? Mimi na magoti haya?"

Basi dada yangu akakiandika upya. Akaweka maneno aliyokuwa akimwambia Baba kila asubuhi alipomshika mkono kumpitisha dukani kwangu, katikati ya viti vya wateja ambavyo havikai mahali pamoja hata uvigombeze. Maneno yenyewe yalikuwa: "Karibu. Pita huku, huko kuna viti."

Baba alicheka mpaka akavua kofia. Nami nilicheka upande wa pili wa ukuta. Na Nukta alipotengeneza kiolezo cha blogu, yaani blogu iliyokwisha shonwa tayari, mtu anaichukua bure na kuingiza maneno yake tu, sentensi ile akaiacha humohumo. Akakitupa kiolezo mtandaoni bila hata kuandika jina lake, akaendelea na kazi nyingine. Nani alikichukua, hakujua wala hakuuliza.

Baba alituacha mwaka juzi. Tangu siku ile, sauti ya mashine haikuwashwa tena katika kichumba kile. Mwaka jana Nukta alikifanyia kiolezo chake ukarabati, maana mtandao nao una mitindo kama nguo, akakipanga upya na kukipaka rangi mpya. Lakini alikikagua kwa macho tu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na kwa siku zote alizokuwa anakirekebisha nilisikia feni peke yake.

Kila mwaka kuna kongamano la wasanifu wa tovuti na wanablogu. Nukta hakosi. Zamani akirudi alikuwa anamsimulia Baba kila kitu, anawaigiza wasemaji, sauti zao, mikono yao, mpaka namna wanavyokunywa maji jukwaani. Baba alilijua kongamano lile kuliko waliohudhuria. Mwaka huu akanijia dukani akasema, "Nataka niende kuwaaga. Halafu Jumatatu nakwenda bima. Twende wote."

"Mimi nikafanye nini huko?"

"Nikirudi nimsimulie nani? Twende tuone wote, nisiwe na cha kusimulia."

Nikafunga duka.

Mlangoni pa ukumbi tulipewa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, na chini yake pana mstari wa kuandika kazi yako. Mimi niliandika "Msindikizaji." Nukta alishika kalamu, akaangalia ule mstari, akairudisha kalamu mezani. Akavaa kitambulisho chake kikiwa tupu.

Ndani nilikuta mambo. Nilitarajia kikao cha watu wenye tai wakisinzia. Badala yake, kwanza niliona kundi la watu wameketi chini sakafuni kandokando ya kuta, na nikadhani viti vimekwisha, kumbe viti vimejaa tele katikati. Wamefuata soketi za umeme. Kila soketi ilikuwa na ukoo wake, chaja juu ya chaja, na watu wasiojuana wakipeana nafasi kama ndugu. Nyaya zilikuwa zimebandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi, na kila laptopu imejaa stika mgongoni hata huoni rangi yake. Nukta alinionyesha kwa kidole: wasanifu ni wale wanaotazama herufi za bango na kununa, wanablogu ni wale ambao wameshaanza kuliandika bango lenyewe.

Msemaji wa kwanza alikuwa bwana mwembamba aliyetaka kuzungumzia nafasi tupu. Saa nzima. Nafasi ambayo haina kitu ndani yake. Nilimgeukia dada yangu nikamwambia, "Huyu amelipwa aje kutusomea karatasi nyeupe?" Akanikanyaga mguu.

Yule bwana akaweka aya moja kwenye skrini kubwa, herufi zimebanana, mistari imelaliana. Akatuacha tuisome. Kisha, bila kubadilisha neno hata moja, akaanza kuisogeza. Mstari ukaachana na mstari. Pembeni pakapatikana pa kupumulia. Aya ileile ikatulia, na mimi kifua kikafunguka kabisa, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Nikakumbuka kadi za harusi ninazochapa, ninavyozijaza maua kila pembe mpaka bibi harusi hana pa kukaa. Nilitamani kuzikusanya zote nizichome. Nilitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyeshangaa, nikakuta ukumbi mzima umetulia, watu wazima wanaangalia nafasi tupu kama wanaangalia mtoto mchanga.

Kando yangu alikaa dada mmoja mwanablogu. Alikuwa akimtazama msemaji usoni huku vidole vyake vikiandika peke yake. Msemaji akisema jambo, kabla hajameza mate lilikuwa limeshatoka mtandaoni. Mara mtu aliyeko mbali, ambaye wala hajulikani yuko wapi, akaliandikia swali. Dada yule akanyoosha mkono akaliuliza, msemaji akalijibu, jibu likarudi. Nikabaki nimetoa macho. Mimi najivunia mashine ya kutoa nakala kurasa mbili kwa mkupuo.

"Ndiyo mambo uliyokuwa unamsimulia Baba haya?" nikamwuliza Nukta.

"Haya haya."

"Kumbe hukuwa unatia chumvi?"

"Nani alikwambia natia chumvi?"

Mimi ndiye niliyekuwa nadhani hivyo, miaka yote, nyuma ya ukuta wangu.

Baada ya hapo akapanda jukwaani mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, na fimbo nyeupe. Alikuwa haoni. Alisema anaitwa Mama Redio, jina alilopewa na majirani kwa sababu kompyuta yake inaongea kutwa. Ana blogu, na anaandika kuhusu vyumba vya kusubiri: vya hospitali, vya ofisi, vya vituo vya mabasi, jinsi vinavyosikika, viti vyake vinavyolia, na watu wanavyopumua wakiitwa au wasipoitwa. Nukta aliinama sikioni kwangu akasema amewahi kuisoma, na kwamba huyu mama akikuandikia chumba unaweza kuhisi baridi ya benchi.

"Zimeni projekta," alisema Mama Redio. "Na taa. Leo mtazisikiliza tovuti zenu."

Taa zikazimwa. Akachomeka kompyuta yake kwenye spika za ukumbi, na ikatoka sauti ya kasi ya ajabu, mvua ya mawe juu ya bati, hakuna aliyeshika neno. Watu wakacheka.

"Mimi huisikiliza hivyo," alisema. "Nyie mna haraka ya macho, mimi ya masikio. Haya, nawapunguzia."

Akafungua tovuti moja kubwa, sitaitaja. Mwanzo, kiungo. Kuhusu Sisi, kiungo. Dira Yetu, kiungo. Hakuikatisha. Aliiacha iendelee gizani, kiungo baada ya kiungo, watu wakacheka, wakaacha kucheka, wakaanza kujikuna. Mbele yetu jamaa mmoja alikuwa anazidi kuteremka kitini kila mlango ulipohesabiwa, na nadhani wote tuliokuwa nyuma yake tulijua tovuti ni ya nani. Moyoni nilimsikia Baba akifoka.

"Sasa," alisema Mama Redio, "nataka muwasikie majirani zangu. Hizi ni blogu ninazotembelea."

Akafungua ya kwanza, ya fundi matairi.

"Karibu," ilisema ile sauti katika spika zote za ukumbi. "Pita huku, huko kuna viti."

Nilihisi mkono wa dada yangu ukikamata kifundo cha mkono wangu.

Mama Redio akafungua ya mwalimu wa hesabu. "Karibu. Pita huku, huko kuna viti." Akafungua ya kwaya. "Karibu. Pita huku, huko kuna viti." Ya mama anayefuga nyuki. Ya kijana anayekarabati saa. Kila alipofungua, sauti ileile, maneno yaleyale, na watu wakaanza kuangua kicheko.

"Viti gani?" aliuliza Mama Redio, naye akicheka. "Mimi mwenyewe nimejiuliza sana. Viti gani kwa fundi matairi?"

Alisubiri mpaka wakatulia.

"Nilipopoteza macho," alisema, "nilijifungia ndani. Mwanangu akaniletea kompyuta inayoongea. Nikaigusa, nikasikia kiungo, kiungo, kiungo, nikasema haya si maisha. Nilikuwa nataka kuifunga niirudishe alikoitoa. Nikafungua ukurasa mmoja wa mwisho, wa kubahatisha tu, ikaniambia karibu, pita huku, huko kuna viti. Jamani, mashine haijui habari ya viti. Nikajua hapa amepita mtu. Kuna binadamu ambaye amewahi kumshika mkono mtu asiyeona, akakaa akafikiri kwamba siku moja na mimi nitafika, akaniachia neno mlangoni. Nililia kama mtoto. Halafu nikapita."

Akagonga jukwaa kwa fimbo yake.

"Nyie hamjawahi kuisoma sentensi hiyo, kwa sababu kwenye skrini zenu haipo. Tumeandikiwa sisi tu. Aliyeiandika simjui. Kila asubuhi ananifungulia mlango na simjui."

Sijui kuandika nilivyojisikia. Katika giza lile walikuwa wamekaa mamia ya watu, wasanifu kwa wanablogu, na wote walikuwa wamenyamaza kwa sababu ya maneno ambayo dada yangu alimwambia Baba yangu katikati ya viti vyangu vya plastiki. Yalikuwa yamekwenda. Yalikuwa yametoka kwenye kichumba chetu, yakapita watu na watu, yakaingia kwa mfuga nyuki na kwa fundi saa, na sisi tukiwa tumekaa tu nyumbani tunasema kazi haikai.

"Simama," nikamnong'oneza Nukta.

"Nyamaza."

"Simama useme ni wewe, la sivyo napiga kelele."

"Ukipiga kelele nitakuua hapahapa."

Kucha zake zilikuwa zimenizama. Nikamsikia akivuta kamasi. Watu walipiga makofi mpaka sakafu ikatetemeka, taa zikawashwa, na dada yangu alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu alichoangusha.

"Baba angecheka," alisema tu.

Ikawa wakati wa chai. Ukumbi mzima ukamiminika nje, na nakiri pua yangu ilikuwa imeshatangulia huko, lakini Nukta hakuinuka, nikashindwa kumwacha. Viti vikabaki shaghalabaghala, vingine vimegeuzwa vikatazamana, vingine vimelalia nyaya. Mama Redio alikuwa anashuka jukwaani peke yake, msaidizi wake ameitwa pembeni na wapiga picha. Fimbo yake ikagusa zulia, ikagusa tena, akageukia kushoto, moja kwa moja kwenye lile fungu la viti.

Nukta aliinuka. Sidhani kama alifikiri. Alifika kwake kwa hatua za haraka, akampa kiwiko chake ashike, akasema kwa sauti ya kila siku, "Pita huku, huko kuna viti."

Mama Redio akasimama kabisa. Alikigeuza kichwa chake upande, sikio likamwelekea dada yangu.

"Sema tena," alisema.

Nukta akamsogelea sikioni. "Karibu," alisema. "Pita huku. Huko kuna viti."

"Ewe Mola wangu," alisema Mama Redio polepole. "Ni wewe."

Hawakukumbatiana kama nilivyotarajia. Mama Redio alimpapasa tu mkono, kuanzia kiwikoni mpaka kwenye vidole, anavyofanya mtu anayehakikisha kwamba kitu kipo. Akamwuliza yule wa kwanza kuambiwa maneno hayo alikuwa nani, na Nukta akamwambia, "Baba yetu," akamweleza habari ya duka na viti, na jinsi Baba alivyokataa kuruka. Mama Redio alicheka hadi akatafuta kiti cha kukalia.

"Miaka yote hii!" alisema. "Viti vya fotokopi!"

Halafu akaacha kucheka. "Lakini mdogo wangu, nikwambie? Mlango wako ni mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Tangu mwaka jana. Zile blogu zilizobadilisha kiolezo, na yangu imo. Nakaribishwa vizuri, nabonyeza, sivuki. Nabaki palepale naanza kuhesabiwa milango."

Niliuona uso wa dada yangu ukisawijika. Mtu anayegombana na mteja kwa nukta moja! Nilimwelewa baadaye, aliponieleza. Kiungo ni kama mjumbe unayemtuma nyumba fulani. Katika ule ukarabati alikuwa ameibadilishia nyumba jina, na mjumbe hakumwambia. Kwa macho huwezi kuligundua kosa hilo, maana halionekani kama vile mlango wenyewe usivyoonekana. Lazima usikilize. Naye hakuwa amewasha sauti ile tangu tulipotoka mazikoni.

"Mbona hukuniandikia?" aliuliza Nukta, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosewa, ingawa aliyekosa ni yeye.

"Nikuandikie wewe nani? Uliacha jina?"

Nukta akakishika kitambulisho chake kitupu.

"Ila naibonyeza," alisema Mama Redio. "Kila siku. Najua hainipeleki popote. Naibonyeza kwa ajili ya ile salamu."

Dada yangu aliondoka palepale, akaenda ukutani, akaketi sakafuni kwenye soketi na sketi yake nzuri ya kuagia watu. Akafungua laptopu, ileile aliyokuwa akiitumia Baba. Nikamfuata nikakaa kando yake. Alikaa kidogo mikono ikiwa juu ya vitufe, haigusi kitu, nami nikajua anachokisubiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiogopa. Kisha akapiga moyo konde, akaiwasha.

Ikatoka sauti ya Baba. Si sauti yake, najua, ni ya mashine. Lakini alikuwa ameipangia mwendo mwenyewe, ule wa msoma wosia, na hakuna aliyeubadilisha. Polepole, ikasema karibu, pita huku, huko kuna viti. Nukta akabonyeza. Ikasema, "Mwanzo, kiungo. Kuhusu, kiungo." Akalia bila kujificha, huku anaandika. Machozi yalidondoka kwenye vitufe nami nikawa nayapangusa kwa shati langu, kwa sababu nilikuwa sina kazi nyingine. Watu walirudi na vikombe vyao wakatuzunguka, wakadhani tumefiwa.

Haikuchukua muda. Ilikuwa ni neno moja tu la kubadilisha. Akalipeleka mtandaoni, Mama Redio akaisasisha blogu yake papo hapo, akasogea na fimbo yake mpaka tulipokaa, akabonyeza mbele yetu. Ikamkaribisha. Kisha ikavuka menyu yote, ikaanza kusoma: "Chumba cha kusubiri cha kliniki ya meno kina saa ya ukutani inayochechemea."

"Nimepita," alisema Mama Redio.

Njiani kurudi nyumbani Nukta hakusema neno kuhusu bima, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifunga mdomo. Jumapili nayo ikapita kimya. Jumatatu asubuhi nilifungua duka mapema, nikaanza na kitabu cha mteja kilichokuwa kinasubiri gundi. Nukta naye ana ufunguo wake wa duka, ila mlango wa kichumba cha nyuma ulikuwa umefungwa nilipofika, na sikutaka kuchungulia. Saa ya kuripoti bima ikafika. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri nakala za cheti chake, na mashine ilikuwa inanguruma.

Ghafla ukuta wa mbao ukaongea. "Karibu," ulisema, kwa mwendo wa Baba. "Pita huku, huko kuna viti."

Nikaizima mashine ili nisikie vizuri. Mteja akaangalia viti vyangu, akaangalia ukuta.

"Kuna nani huko nyuma?" aliuliza.

Ilibidi nigeuke kwanza nijipanguse uso.

"Dada yangu," nikamwambia. "Yuko kazini."